Tone la Siku ya Pili: Surua, Macho na Utafiti Uliofanyika Dodoma

Mhadhara kwa wananchi wa kata ya Mlali, wilaya ya Kongwa

Mliniomba nizungumzie utafiti wa tiba wa miaka ya karibuni kuhusu magonjwa ya mlipuko, chanjo na huduma kwa mgonjwa. Nimekubali, ila sitaanzia Ulaya wala Marekani. Nitaanzia Mvumi.

Hospitali ya Mvumi, iliyoko wilaya ya Chamwino, wengi hapa mnaijua kwa ajili ya macho. Wazee wametoka Kongwa hadi Mvumi wameshikwa mkono na wajukuu, wakarudi wakitembea wenyewe. Lakini katika miaka ya 1980 wodi ya watoto pale ilikuwa na kilio cha aina nyingine, nacho ni surua. Mpango wa taifa wa chanjo ulikuwa umeanza mwaka 1975, ila chanjo ilikuwa bado haijamfikia kila mtoto. Ugonjwa ulipoingia kijijini ulipita nyumba kwa nyumba. Mtoto alianza na homa, mafua na macho mekundu, kisha vipele, kisha kuhara na kichomi. Wengine walikufa. Wengine walipona surua wakabaki vipofu.

Huyo aliyepona akawa kipofu ndiye aliyemsumbua akili daktari wa macho Mwingereza, Allen Foster, aliyekuwa akifanya kazi Mvumi. Yeye na Mmarekani Alfred Sommer walichunguza watoto 130 wa Tanzania wenye vidonda kwenye kioo cha jicho. Waliona kwamba asilimia 37 ya vidonda hivyo vilitokea baada ya surua ya karibuni, na karibu nusu ya hivyo vya surua vilitokana na upungufu wa vitamini A. Visababishi vingine vilikuwepo pia, kikiwemo kimoja ambacho hatupendi kukisikia, yaani dawa za kienyeji zilizotiwa machoni na watu wenye nia njema kabisa.

Nieleze kidogo kinachotokea mwilini. Vitamini A hutunza ngozi laini ya ndani: ile inayofunika jicho, inayotanda ndani ya njia ya hewa na ndani ya utumbo. Mwili huiweka akiba kwenye ini. Mtoto anayekula ugali wa uwele na mboga kidogo, bila mafuta, huwa na akiba ndogo. Surua hushambulia ngozi hiyohiyo laini, na wakati huohuo huimaliza akiba iliyokuwepo. Jicho linakauka, linapata kidonda, kidonda kinatoboka. Yote haya yanaweza kutokea ndani ya siku chache, wakati nyumbani wanasubiri vipele vipone.

Sasa, kujua kwamba kitu kimepungua si sawa na kujua kwamba kukirudisha kutaponya. Hapa ndipo utafiti wa Mvumi unapostahili kukumbukwa. Mwaka 1987 Foster, Sommer na mwenzao Barclay walichapisha matokeo katika jarida la madaktari wa Uingereza. Watoto 180 waliolazwa kwa surua waligawanywa kwa bahati nasibu. Wote walipata matibabu ya kawaida ya wodi. Kundi moja liliongezewa vitamini A kwa mdomo, yuniti 200,000 siku ya kulazwa, na yuniti 200,000 nyingine siku ya pili yake. Shikeni hiyo siku ya pili, nitairudia. Damu zao zilipopimwa, watoto 91 katika kila 100 walikuwa na vitamini A ya chini mno.

Katika watoto 88 waliopewa vitamini, walikufa 6. Katika 92 wasiopewa, walikufa 12.

Mtu wa haraka angesema vifo vimepungua nusu, kazi imekwisha. Watafiti hawakusema hivyo. Walikokotoa wakaandika kwamba tofauti kubwa kiasi hicho ingeweza kujitokeza kwa bahati tu mara 13 katika kila 100, hata kama vitamini haisaidii kitu. Kwa hiyo kwa watoto wote kwa pamoja hawakudai ushindi. Lakini walipotazama watoto wa chini ya miaka miwili, waliopewa walikuwa 46 na akafa mmoja, wasiopewa walikuwa 42 wakafa saba. Hapo bahati peke yake ni vigumu kuisingizia. Mimi nikiwafundisha vijana wa udaktari huwapa karatasi hii si kwa ajili ya vitamini, bali kwa ajili ya adabu yake. Imeandikwa na watu waliokuwa wanaona watoto wanakufa mbele yao, na bado hawakuipa namba uzito zaidi ya ule iliokuwa nao.

Kwa nini bahati nasibu? Wakulima mtanielewa upesi. Ukitaka kujua kama mbolea fulani inafaa alizeti yako, huimwagi kwenye bonde lenye rutuba halafu ukalinganisha na kilimani kwenye changarawe. Unagawa shamba lilelile, unaacha bahati iamue mstari upi upate na upi usipate. Madaktari nao wakiachiwa kuchagua, humpa dawa mpya yule wanayemwonea huruma zaidi, au yule wanayeona atapona. Basi matokeo yanakuwa ya huruma yao, si ya dawa.

Najua swali linalowachoma, maana nimeulizwa kila nilipokwenda: je, ilikuwa haki kuwanyima wale 92? Nami hujibu kwamba siku ile hakuna aliyekuwa na hakika. Kule Aceh, Indonesia, Sommer na wenzake walikuwa wametoa taarifa mwaka 1986 kwamba katika vijiji vilivyogawiwa vitamini A vifo vya watoto vilipungua kwa kama theluthi moja, na wataalamu wengi hawakuamini. Kinachouma zaidi ni kingine. Mwaka 1932, jijini London, daktari aitwaye Ellison aligawa watoto 600 wenye surua makundi mawili ya 300. Kundi moja alilipa dawa yenye vitamini A itokanayo na mafuta ya ini la samaki. Walikufa 11 kati ya waliopewa na 26 kati ya wasiopewa. Matokeo yakachapishwa, yakasahauliwa kwa nusu karne. Kama ni dhambi, nadhani ipo pale kwenye kusahau kuliko kwenye wodi ya Mvumi.

Mwaka huohuo wa 1987 Shirika la Afya Duniani na UNICEF walipendekeza vitamini A kwa watoto wenye surua katika nchi ambako ugonjwa huu unaua sana. Miaka mitatu baadaye, Cape Town, jaribio la watoto 189 liliondoa shaka kubwa iliyobaki. Waliopewa vitamini walikufa 2 kati ya 92, wasiopewa 10 kati ya 97. Tangu hapo, mtoto mwenye surua akilazwa mahali popote pa dunia, Nairobi au New York, sehemu ya anachopewa ina asili yake hapa kwetu Ugogoni.

Sasa nije kwenye UVIKO-19, maana ndiyo wengi mliyotaka kuisikia.

Tarehe 16 Juni 2020 watafiti wa Uingereza walitangaza matokeo ya jaribio liitwalo RECOVERY kuhusu deksamethasoni. Hii si dawa ngeni. Ni ya bei ndogo na ni ya zamani, na wahudumu waliopo hapa wanaifahamu. Walitumia mbinu ileile ya Mvumi, ila kwa maelfu: wagonjwa 2,104 walipewa, 4,321 hawakupewa, bahati nasibu ndiyo iliyoamua. Kwa waliokuwa kwenye mashine ya kupumulia, vifo vilishuka kutoka asilimia 41.4 hadi 29.3. Kwa waliohitaji oksijeni bila mashine vilishuka kidogo. Kwa wale ambao hawakuhitaji oksijeni kabisa, dawa haikusaidia, na namba zilielekea upande wa madhara. Dawa moja, ugonjwa mmoja, lakini anayestahili kupewa ni huyu na si yule. Bila kulinganisha kwa haki, nani angelijua hilo? Tungekuwa tunawachoma sindano wote, tukiwahesabu waliopona na kuwasifia madaktari.

Wakati ule sisi tulijifukiza. Mtaa mzima ulinuka mvuke wa mchaichai, mkaratusi na majani ya mlimao. Sitawacheka waliotumia nyungu, maana mtu aliyebanwa kifua hutafuta nafuu popote, na mvuke hulegeza pua. Ninachosema ni kwamba hatukuipima. Tulikuwa na nyungu, tulikuwa na wagonjwa, tulikuwa na vyuo vikuu, na hapo Dodoma tuna Hospitali ya Benjamin Mkapa. Hatukugawa makundi mawili tukahesabu. Zaidi ya mwaka mmoja tulikaa hata bila takwimu za taifa za wagonjwa. Mwisho wa yote kila mtu alibaki na ushuhuda wake, na ushuhuda wa aliyekufa haukusikika.

Chanjo zilipofika Julai 2021, dozi 1,058,400 za kwanza, na Rais Samia Suluhu Hassan akachanjwa hadharani tarehe 28 mwezi huo, kazi ya kuwashawishi watu ilikuwa nzito kupita kiasi. Sishangai. Huwezi kukaa kimya mwaka mzima, kisha ukatarajia watu wakuamini kwa siku moja. Lakini hasara niliyoihofia zaidi haikuwa ya UVIKO. Ni kwamba mama aliyetishwa kuhusu chanjo moja huanza kuitazama kadi ya kliniki kwa jicho la wasiwasi, ukurasa mzima.

Duniani kote chanjo za watoto zilirudi nyuma, kwa hofu na kwa vurugu za huduma. Mwaka 2021 karibu watoto milioni 40 walikosa dozi ya surua, ya kwanza au ya pili. Surua haisubiri mwaliko. Mgonjwa mmoja, akiingia kati ya watu wasio na kinga, huambukiza wastani wa watu 12 hadi 18, na virusi hubaki hewani ndani ya chumba hadi saa mbili baada ya mwenyewe kuondoka. Ndiyo maana inatakiwa watoto 95 katika kila 100 wawe na kinga ndipo ugonjwa ukose njia. Kwetu dozi ya kwanza ni miezi 9 na ya pili miezi 18, na tangu 2014 sindano hiyo hubeba na kinga ya rubella. Mama wengine huuliza kwa nini tusichanje mapema zaidi. Ni kwa sababu kinga aliyopewa mtoto na mama yake tumboni huweza kuizima chanjo kabla haijafanya kazi. Tukingoja sana, surua inawahi. Miezi 9 ni mapatano kati ya hatari hizo mbili.

Na kuna jambo jipya ambalo hata Foster na wenzake hawakulijua. Mwaka 2019 watafiti walichapisha uchunguzi wa damu za watoto 77 wa Uholanzi ambao hawakuchanjwa, zilizochukuliwa kabla na baada ya kuugua surua. Walikuta watoto hao wamepoteza kati ya asilimia 11 na 73 ya kingamwili walizokuwa nazo dhidi ya magonjwa mengine kabisa. Mwili umesahau vita ulivyokwisha kushinda. Ndiyo maana bibi zetu walikuwa wakisema mtoto aliyepona surua asihesabiwe amepona mpaka msimu upite. Waliona kwa macho yale ambayo maabara imeyathibitisha juzi.

Sasa tazameni jinsi elimu inavyoweza kugeuzwa ikadhuru. Mwaka 2025, magharibi mwa jimbo la Texas, Marekani, surua ililipuka katika jamii zenye watoto wengi wasiochanjwa. Wagonjwa walizidi 700, watoto wawili wakafa. Katika nchi tajiri kuliko zote! Na baadhi ya wazazi, waliposikia kwamba vitamini A husaidia wenye surua, wakaanza kuwanywesha watoto wao nyumbani kama kinga mbadala wa chanjo. Hospitali moja kule ikapokea watoto ambao maini yao yalionyesha dalili za kuzidiwa na vitamini A. Vitamini hii haizuii surua. Humsaidia aliyekwisha kuugua, kwa kipimo, kwa kawaida siku mbili, basi. Ikizidi hulundikana kwenye ini, kwa sababu mwili hauitoi kwa mkojo kama vitamini nyingine.

Naona mzee mmoja pale anatikisa kichwa, kana kwamba nimesahau niko wapi. Sijasahau. Nina deni la Kongwa kwenu.

Katika miaka ya 1980 na 1990 wilaya hii ilikuwa miongoni mwa mahali palipochunguzwa zaidi duniani kuhusu trakoma, vikope kama mnavyoviita. Trakoma ni ugonjwa wa kuambukiza. Mtoto huuambukizwa mara nyingi akiwa mdogo, kope linajikunja kwa ndani miaka inavyokwenda, nywele zinasugua kioo cha jicho, na mwanamke wa miaka 40 anajikuta gizani. Wanasayansi wa Beijing walimpata kijidudu chake katika miaka ya 1950, na katika miaka ya 1960 chanjo zikajaribiwa katika nchi kadhaa, zikiwemo Gambia na Saudi Arabia. Kinga ilidumu muda mfupi, na baadhi ya waliochanjwa walionekana kuumia zaidi walipoambukizwa tena. Jaribio likaachwa. Nalitaja kwa makusudi, kwa sababu wapo wanaodhani wataalamu wa chanjo hawajui kusema hapana. Walisema hapana, ndiyo maana leo hakuna mtu wa Mlali aliyechanjwa trakoma.

Chanjo ilipokosekana, Sheila West wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins na wenzake, wakiwemo Watanzania, waligeukia maji. Na hapa walikutana na kitendawili. Waliona kwamba kadiri kisima kilivyokuwa mbali, ndivyo trakoma ilivyokuwa nyingi. Hilo kila mtu angelitabiri. Lakini walipokadiria ndoo zilizoingia nyumbani kwa siku, wingi wa maji haukuhusiana na ugonjwa. Nyumba mbili zenye maji sawa, moja watoto wana nyuso safi, nyingine wana tongotongo na nzi. Tofauti ilikuwa kwenye uamuzi wa maji yatumike kwa nini. Mama aliyetembea saa nzima na ndoo kichwani aliona uso wa mtoto ni anasa ya kumaliza maji, ndipo wakaja watu kumwonyesha jinsi kikombe kidogo kinavyoweza kuosha nyuso kadhaa. Wanaume wenzangu, ndoo ile hatukuibeba sisi, lakini ng'ombe waliokunywa mbele ya watoto walikuwa wetu.

Kisha wakapima. Vijiji vilichukuliwa jozi tatu. Vyote vilipewa dawa ya mafuta ya macho kwa siku 30, na katika kila jozi kijiji kimoja, kwa bahati nasibu, kikaongezewa kampeni ya kunawisha watoto uso, yenye mikutano, maigizo na ushiriki wa wazee na waganga wa jadi. Baada ya mwaka mmoja, uwezekano wa mtoto kuwa na trakoma kali ulikuwa mdogo kwa zaidi ya theluthi moja katika vijiji vya kampeni. Matokeo yalitoka mwaka 1995 katika jarida la Lancet, na jina Kongwa limo kwenye kichwa cha makala. Leo mkakati wa dunia dhidi ya trakoma una nguzo nne: upasuaji wa kope, dawa, uso safi na mazingira safi. Ile nguzo ya uso safi inasimama juu ya vijiji vyenu. Azithromaisini ya bure, ile mliyopewa kwa kupimwa urefu kwa fimbo, ilikuja baadaye.

Linganisheni na jambo jingine lililoitangaza Kongwa duniani. Mwaka 1947 Waingereza walileta hapa matrekta ya mpango wa karanga. Udongo hawakuupima vya kutosha, mvua hawakuzihesabu, wenyeji hawakuwauliza. Mwaka 1951 waliacha, wakiwa wamepoteza kama pauni milioni 36. Karanga zenyewe, kwa taarifa yenu, ni rafiki mkubwa wa vitamini A, kwa kuwa vitamini hiyo haipenyi utumbo bila mafuta. Mlenda wa karanga ni tiba kuliko mlenda mkavu. Na majani ya kunde mkiyakausha, yaanikeni kivulini, jua kali huunguza vitamini.

Nimalizie na ile siku ya pili. Watoto wa Mvumi walikuwa wamelazwa, kwa hiyo kesho yake muuguzi aliwakuta kitandani na kuwapa tone la pili. Watafiti waliokuja kuyaweka majaribio yote pamoja waliona kwamba dozi moja peke yake haikuonyesha kupunguza vifo, lakini dozi mbili za siku mbili mfululizo zilipunguza, hasa kwa wa chini ya miaka miwili. Leo mtoto wa surua isiyo kali hatalazwa. Mama anapewa tone la kwanza zahanati, anaambiwa arudi kesho, na kesho ni kilomita nyingi, au ni siku ya palizi, au ni siku ya gulio la Kibaigwa.

Kwa hiyo naomba yafuatayo kwa kamati ya afya ya kata. Mtoto akionwa na surua, tarehe ya tone la pili iandikwe kwenye kadi palepale, na mhudumu wa afya wa kitongoji apigiwe simu siku hiyohiyo. Mama naye amuulize mganga wa zahanati kama anaweza kupewa la kesho aondoke nalo na kuelekezwa jinsi ya kulitoa. Kipimo ni yuniti 50,000 kwa aliye chini ya miezi sita, 100,000 kwa wa miezi 6 hadi 11, ambacho ndicho kidonge cha buluu, na 200,000 kwa wa mwaka mmoja na zaidi, chekundu. Jicho likiwa na ukungu au kidonda, au haoni jioni, kuna tone la tatu wiki kadhaa baadaye, na safari ya Mvumi isicheleweshwe. Na mtoto akiwa alishapata matone ya vitamini A ya Juni au Desemba, bado anastahili haya ya surua. Mkiambiwa hapana, waambieni wapige hesabu upya, kisha mnipigie mimi. Namba yangu ipo kwa mtendaji wa kata.